Mkutubi na Wageuki

Kabla hajakubali kutusimulia habari za kiumbe yeyote wa sayari nyingine, Mkutubi alitaka kujua kwanza wanazikana vipi. Hakujali wana macho mangapi, wala kama damu yao ni ya kijani. Mwandishi akiwa amejaza kitabu kizima vyombo vya angani na vita, na katika vita hivyo viumbe wanakufa kama kumbikumbi bila hata mmoja kukaliwa matanga, Mkutubi alikifunga kitabu, akakirudisha kwenye rafu na kusema kwamba mwandishi huyu hawajui watu wake. Sisi tuliokuwa tumekaa sakafuni tukimsubiri aanze tuliambulia kutumwa kufagia uani.

Swali la pili lilikuwa la shangazi. "Amewapa miguu sita," aliwahi kusema, akiwa amekishika kitabu kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota soksi isiyo yake, "lakini hakuwapa shangazi." Kwa Mkutubi, taifa lisilo na shangazi wa kuingilia mambo, lisilo na mashemeji wa kutaniana, lisilo na salamu ya asubuhi iliyo tofauti na ya jioni, halikuwa taifa. Lilikuwa kundi la wanyama wenye bunduki, na wanyama alisema anao wa kutosha kwao kijijini.

Maktaba yake ilikuwa chumba kimoja kirefu pale Shinyanga mjini, chenye madirisha ya nondo na paa la bati lililoanza kualika kwa joto kila jua lilipopanda. Wanafunzi, mfagizi, walimu wetu na maofisa waliokuja kukagua, wote walimwita mama huyu Mkutubi. Hata mimi, niliyekuja kumuoa binti yake, jina lake kamili nililiona kwa mara ya kwanza kwenye kadi ya harusi yangu mwenyewe. Sitaliandika hapa, maana angenishangaa.

Riwaya zile zilitoka Mwadui. Familia za wageni waliokuwa wakifanya kazi kwenye mgodi wa almasi ziliporudi makwao, mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini alinunua makabati yao, na ndani ya kabati moja akakuta maboksi ya vitabu. Vya mapishi vilichukuliwa na mkewe. Vilivyobaki vilikuwa na majalada yenye nyota, miezi mitatu mitatu na viumbe wenye mikono mingi, na mzee yule, Mwislamu wa kushika dini, hakutaka masanamu yale yakae dukani kwake. Akavileta maktaba kwa mkokoteni, akasema anaomba radhi kama ni vibaya. Mkutubi alivigonga mhuri kimoja kimoja, na jioni ile akaondoka na kimoja chini ya kwapa.

Kwa nini alivipenda kiasi kile, mtu ambaye hakuwahi kuvuka Mwanza? Nilimuuliza siku moja na jibu lake nimelibeba hadi leo. Alisema riwaya ya Ulaya inamchosha kwa sababu mwandishi anadhani msomaji anajua kila kitu. Anaandika jina la mtaa, jina la kinywaji, jina la koti, halafu anaendelea na safari zake na wewe umeachwa kituoni. "Lakini huyu wa sayari nyingine," akasema, "inabidi akueleze hata maji yanachemkaje. Hapo mimi na Mzungu tunaingia ugenini mlango mmoja, siku moja."

Kila Jumamosi mchana, akishamaliza kupanga rafu, alivuta kiti chake hadi katikati ya chumba, nasi tukakaa sakafuni. Tulikuwa wanafunzi wa sekondari ambao Kiingereza chetu kiliishia kwenye mitihani. Alifungua kitabu, macho yakawa kwenye Kiingereza na mdomo ukatoa Kiswahili, bila kusita, bila kurudi nyuma. Majenerali wake waliongea kama watangazaji wa taarifa ya habari. Matapeli wote wa anga za mbali waliongea Kiswahili cha Dar es Salaam, wakivuta maneno na kukuita "mwanangu" kabla hawajakuibia chombo chako. Akina mama wakikasirika walihamia Kisukuma, hata kama walikuwa na mapezi.

Nawakumbuka watu wa Chumvi, walioishi kwenye ziwa lililokauka, kila mmoja akitembea maisha yake yote na jiwe moja mkononi. Akifa, ndugu hulamba jiwe lake na kuyasikia maneno aliyowahi kuyasema. Mkutubi alitusimulia msiba wao Jumamosi tatu mfululizo, na kila mara alipofika pale mjane anapolamba jiwe alivua miwani. Nawakumbuka pia wale wasioweza kusema uongo isipokuwa wakiwa ndani ya maji, ndiyo maana posa zao zote zilipelekwa mtoni. Tulicheka hadi mfagizi akaja kuchungulia. Kwa miaka mingi nilidhani hayo yote yaliandikwa na wenye vitabu.

Alikuwa mkali, na ukali wake haukuwa na mpangilio. Ilikuwa marufuku kula maktabani, lakini droo yake ya juu ilijaa michembe, na ukimkaribia kuuliza kitu ulimsikia akimung'unya viazi vile vikavu huku akikutazama kana kwamba wewe ndiye mwenye kosa. Ukichelewesha kitabu siku mbili alikutangaza mbele ya wenzako. Ukikirudisha kimeloa mvua, kimevimba kama andazi, alikupokea kwa upole, akakianika dirishani na kukuuliza kama nyumbani kwenu kunavuja. Siku jua lilipopatwa, mji mzima ulitoka nje na vioo vilivyopakwa masizi, walimu wetu wakipiga makelele kama watoto. Mkutubi alibaki ndani akibandika lebo. Tulipomwita alijibu kwamba yeye giza la namna hiyo ameshalisoma, na lililoandikwa lilikuwa refu zaidi.

Na huyu mtu aliyezunguka na akili yake nyota zote alishika mila za kwao kuliko bibi zetu wa vijijini. Mwezi mwandamo ulipoonekana hakukopesha chumvi. Akikutana na mkwe wake wa kiume, mume wa binti yake mkubwa, aliacha njia na kupita majanini hata kama majani yenyewe yana tope. Tulimwona mara moja sokoni akijificha nyuma ya magunia ya dagaa, khanga usoni, hadi yule bwana alipomaliza kununua vitunguu na kuondoka. Hakuona kichekesho chochote. Mkwe haangaliwi usoni, huli naye, humpi mkono, na neno la kumwambia unalipitisha kwa mtu mwingine. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo mama yake alivyomheshimu mume wa Mkutubi mwenyewe.

Sasa nije kwenye kitabu chenyewe, maana ndicho kilichonifanya niandike haya yote.

Kilikuwa hakina jalada, na kurasa za mwisho zilikuwa zimechanika, labda na mtoto wa huko Mwadui. Jina la kitabu lilibaki limechapwa juu ya kila ukurasa, lakini sisi tulikiita cha Wageuki. Wanadamu wamehamia kwenye bonde la mchanga mweupe, na katika bonde hilo wanaishi viumbe warefu kuliko mlango, ngozi yao kama gome la mgunga, mikono minne. Wapole, hawaibi, hawapigi mtu. Ila kila mwanadamu akiwakaribia wanageuka na kumpa mgongo, wote, wazee kwa watoto, na wanasimama hivyo hadi aondoke. Kitabu kizima ni wanadamu wakijiuliza kwa nini. Wengine wanaona ni dharau. Wengine wanaona ni uchawi. Mwishoni kamanda wa walowezi anachoka, anawapanga askari, anatangaza kwamba jua likichomoza na wale viumbe wakiwa bado wamegeuka, atafyatua risasi. Mwanamke mpima ardhi, ambaye ndiye tunayemfuata tangu mwanzo, anatoka katikati ya askari na kuanza kutembea kuelekea kwenye ule mstari wa migongo. Nyuma yake bunduki, mbele yake migongo, jua linataka kutoka. Hapo pamechanika.

Mkutubi alipofika hapo mara ya kwanza alipindua karatasi ambayo haikuwepo, akasema basi. Tulipiga kelele. Tulimsihi atuambie hata kwa kubuni tu, nini kilitokea, kwa nini waligeuka. Alikataa. Mtu huyu, ambaye alikuwa akiwagawia shangazi viumbe wa kila sayari bila kuomba ruhusa, alikataa katakata kugusa mwisho. Alisema yeye kazi yake ni kutunza vitabu, mwisho ni mali ya mwenyewe, na ipo siku atakipata kitabu kizima. Kila wageni walipokuja kutoka mbali aliwaandikia jina la kitabu kwenye kikaratasi wakamtafutie. Walichukua vikaratasi kwa adabu, na hakuna aliyerudi na kitu.

Lakini jibu tulikuwa nalo tayari, tulidhani. Jumamosi ile ile binti yake mdogo, Kabula, aliyekuwa amekaa karibu na mlango akisuka ukili, aliinua kichwa akasema, "Mbona rahisi. Wanatuona wakwe."

Chumba kizima kilikubali papo hapo. Wanageuka, hawali nasi, hawatushiki mikono, hawatudhuru. Ni nini kingine? Ilibaki kujua tu nani alioa kwa nani. Tulibishana wiki nzima: labda mwanadamu fulani wa safari ya kwanza aliacha mtoto kule bondeni, labda wazee wao walishatoa ahadi. Mkutubi alisikiliza, akamtazama binti yake kwa muda mrefu kuliko kawaida, akasema ni wazo zuri na wazungu wasingelifikia hata wakae kule miaka mia. Mimi nami nilimtazama yule binti kwa muda mrefu kuliko kawaida, na hilo ni jambo jingine.

Miaka ikapita. Nilijifunza ufundi, nikarudi, nikamtafuta Kabula, wazee wetu wakaanza kuzungumza. Siku moja, wakati mambo bado hayajajulikana, nilipita maktaba kurudisha kitabu nilichoazima. Mkutubi alikuwa mezani. Alipoona ni mimi alisimama, akafungua khanga, akajifunika kichwa na kuingia nyuma ya rafu ya vitabu vya dini. Nilisimama pale na kitabu mkononi. Baada ya muda mfagizi akaja kukipokea, anatabasamu, akaniambia hongera. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimekubaliwa.

Nilifurahi, sana. Ila nilipofika nje kwenye jua nikatambua gharama niliyoilipa. Yule mtu ambaye sauti yake ilinilea kila Jumamosi hataniambia tena hadithi. Nimepata mke na nimempoteza Mkutubi, na hakuna wa kumlalamikia kwa sababu ni heshima tu ninayopewa.

Tukahamia Geita, tukapanga Kalangalala, baadaye tukajenga. Kazi yangu ni kutengeneza karasha, mashine za kusagia mawe ya wachimbaji wadogo, na penye karasha kuna kusubiri kwingi. Nikawa nawasimulia wachimbaji habari za Wageuki huku mawe yao yakisagwa. Kila mmoja alikuwa na jibu lake. Dalali wa dhahabu alisema hawa wanageuka kwa sababu wameficha kitu kwa mbele. Mwenye duara mmoja, yaani shimo la kuchimbia, mtu wa kanisa, alisema wanaona aibu. Nilipowaambia jibu letu la Shinyanga, la ukwe, Wasukuma wote walipiga makofi na wengine wakatikisa kichwa. Nilipowaambia mwisho haupo, walinikasirikia kama sisi tulivyomkasirikia Mkutubi.

Kila mwisho wa mwaka tulikwenda kusalimia. Mkutubi alikuwa amestaafu na kuhamia upande wa Kolandoto, nyumba ya matofali yenye baraza mbele na jiko la nje nyuma. Mimi nilikaa sebuleni, yeye jikoni. Nikimsalimia kupitia mlango, shikamoo mama, marahaba ilirudi ikiwa imeelekezwa kwa Kabula. "Mwambie mumeo ale ashibe." "Mwambie mumeo njia ya Geita imejaa mashimo, aondoke mapema." Akilazimika kupita uani nilipokuwa, alipita akiwa amenigeuzia mgongo, khanga juu, hatua za haraka. Watoto wetu waliona ni mchezo. Mimi niliumia kila mwaka na kila mwaka nilijiambia nimezoea.

Mwaka mmoja jiwe lilitoka kwenye karasha likanipiga mguu wa kushoto. Halikuvunja mfupa, lakini tangu hapo nakanyaga vibaya. Tulipokwenda kusalimia sikusema kitu, maana ni aibu mkwe kwenda ukweni akilalamika, na nilihakikisha nimeshakaa kwenye kochi kabla mtu hajaniona nikitembea. Tuliporudi nyumbani Kabula alifungua kapu la michembe tulilopewa, na chini yake akakuta viatu vya ngozi laini, vya marehemu baba mkwe, vimesuguliwa vikang'aa. Vilinienea kabisa. Nikafikiri ni ukarimu tu wa kugawa vitu vya marehemu, nikashukuru kupitia Kabula, na mambo yakaishia hapo.

Kisha macho yake yakaanza kwenda. Ni presha ya macho, daktari alisema, na kilichoondoka hakirudi. Kabula alikwenda kukaa naye miezi miwili na aliporudi alinieleza kitu ambacho sikukipenda. Alisema mama yake hutoa kitabu kile kisicho na jalada, hukiweka mapajani, hukifungua pale mwishoni na kupapasa ukingo uliochanika kwa kidole. Halafu anaomba redio.

Binti yetu Neema, ambaye yuko chuo, ndiye aliyekitafuta kwa simu. Nilimtajia jina lililokuwa juu ya kila ukurasa, na mpima ardhi aliitwa nani, na mchanga mweupe. Ilimchukua jioni moja tu. Niliona kama ananidhihaki, nikikumbuka vikaratasi vyote vile. Kilikuwepo kimoja, kikuukuu, mikononi mwa mtu wa mbali kabisa, na kikaja kwa njia ndefu hadi Dar na kutoka Dar kwa basi, kimefungwa kwa gundi ya karatasi kila upande. Kilikuwa na jalada lake. Wageuki waliochorwa hapo walikuwa wabaya wa sura, hawafanani kabisa na wangu.

Nilianza kukisoma kwa Kiingereza changu cha ufundi, kamusi pembeni, nikajiapiza nitaishia pale palipochanika. Nilikuwa nasoma nikitafuta ngoma. Katika Wageuki wetu kulikuwa na vikundi viwili vya ngoma vinavyoshindana baada ya mavuno, kama Bagika na Bagalu wa Usukumani, na bibi mmoja mwenye matusi aliyekuwa akihama kikundi kila mwaka. Kitabuni kuna sentensi moja, kwamba jioni nyingine viumbe wale walionekana wakicheza. Basi. Mazishi ya Wageuki yaliyotufanya tulie Jumamosi mbili yalikuwa maneno machache kuhusu shimo na mchanga. Shangazi, hakuna hata mmoja. Nilicheka peke yangu mezani hadi Kabula akaja kuniuliza nina nini, nikamsomea ile sentensi moja.

Tulifika Kolandoto mchana, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha. Nilikaa sebuleni mahali pangu. Kabula akaenda jikoni, nikamsikia akisema, "Mama, Baba Neema amekuja na kile kitabu. Kizima."

Sufuria iliyokuwa ikikwanguliwa ilinyamaza. Mkutubi akauliza kama kurasa za mwisho zipo. Kabula akaja kuniuliza, ingawa sote tulisikia, nikasema zipo, akarudi kusema zipo. Akauliza kama nimesoma. Nikasema sijafika huko, nimemsubiri yeye.

Hapo ndipo tulipokwama, kila mmoja upande wake wa ukuta. Yeye haoni. Kabula ana darasa lake la watoto wa chekechea na Kiingereza hakipendi, na Neema alikuwa mbali chuoni. Msomaji ni mimi, na mimi ni mkwe. Hadithi haiwezi kupelekwa jikoni sentensi moja moja na mtu wa kati kama salamu. Kabula alijaribu kumshawishi, akamwambia siku hizi watu wameacha mambo hayo, mashemeji zake wa mjini wanakula meza moja na wakwe zao. Mkutubi akamjibu kwamba yeye si wa mjini.

Nilikuwa nimeshaanza kukirudisha kitabu kwenye mfuko niliposikia fimbo yake ikigonga sakafu ya baraza. Aliagiza viti viwili viwekwe mgongo kwa mgongo, cha kwake kikitazama barabara, cha kwangu kikitazama ukuta. Kabula alipomuuliza kama anaona ni sawa, alisema mila imekataza uso, haikukataza sikio. Nikatoka nikiwa nimeinamisha kichwa, nikakaa. Mabega yetu yalikaribia kugusana. Khanga yake ilinukia moshi na karatasi, na mtu asiniulize karatasi zina harufu gani kwa mtu aliyestaafu zamani.

"Kwa Kiswahili," alisema. Lilikuwa neno la kwanza kuniambia mimi mwenyewe tangu siku ile ya rafu ya dini.

Nikasoma. Macho kwenye Kiingereza, mdomo kwenye Kiswahili, na nikagundua jinsi kazi ile ilivyo ngumu, nilijikwaa kila mstari. Mara mbili alinirekebisha neno bila kuona ukurasa. Yule mwanamke mpima ardhi anatembea kwenye mchanga mweupe, anaufikia mstari wa Wageuki, anasimama hatua moja nyuma ya mgongo wa mzee wao. Hakuna mwanadamu aliyewahi kukaribia namna hiyo. Jua linachomoza, mwanga unapiga lile gome, na katika mikunjo ya gome anaona vitu vinang'aa, vidogo, vingi, kuanzia shingoni hadi kiunoni. Ni macho. Yamefunguka yote na yanamtazama. Kwa mbele viumbe hawa wana macho mawili tu, ya kutafutia chakula na kuonea adui. Ya mgongoni huyafungua kwa mgeni wanayemheshimu, ili wamwone vizuri. Tangu siku ya kwanza walikuwa wakiwatazama. Mpima ardhi anageuka naye, anawapa mgongo wake, anasimama katika mstari wao akizikabili bunduki. Na kitabu kinaishia hapo. Kama walifyatua au hawakufyatua, mwandishi hasemi.

"Ameishia hapo?" akauliza Mkutubi.

"Ameishia hapo, mama."

Alimlaumu mwandishi kwa muda kidogo, taratibu, kwa Kisukuma. Barabarani alipita mtu na baiskeli, akamsalimia kwa Kisukuma, mwadila mayu, naye akaitikia. Niliogopa kwamba nimemvunjia jibu letu la ukwe alilolitunza miaka yote, jibu la binti yake. Nilitaka kusema kitu cha kumtuliza na sikujua mkwe anaruhusiwa kusema nini.

"Kwa hiyo walikuwa wanaona," akasema.

"Walikuwa wanaona."

"Muda wote."

"Muda wote, mama."

Nilisikia kiti chake kikilia alipojiweka sawa, mgongo wa kiti chake ukaegemea wa kiti changu. "Vile viatu," akauliza, "vilikufaa kwa ule mguu wa kushoto?"

Viatu vyenyewe vilikuwa mlangoni hatua chache kutoka hapo, nilikuwa nimevivua nilipoingia. Nikasema vilinifaa, na kwamba sijavaa vingine kazini tangu wakati ule. Akasema mwaka ule niliwahi kwenye kochi kama mtu anayekimbia mvua, na kwamba siku ya msiba wa babu yake Kabula nilikuwa nimekonda hadi akamgombeza binti yake, na kwamba nikicheka najifunika mdomo kwa mkono kama nilivyokuwa nikifanya sakafuni pale maktaba. Aliyasema yote hayo akiitazama barabara asiyoiona, sauti ile ile ya Jumamosi. Nililia nikiutazama ukuta, na nadhani alijua, kwa maana alinisubiri.

"Haya," akasema baadaye. "Bado mchana. Anza mwanzo, na usiwasahau shangazi."

Nikageuza kurasa hadi ya kwanza.